Maswali ya Wasomaji: Programu ya Hesabu kwa Biashara Ndogo

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka Moshi na Arusha, na zote zinahusu jambo moja, yaani namna mfanyabiashara mdogo anavyoweza kuchagua programu ya kutunzia hesabu na kutolea ankara bila kujifunga kwenye gharama asizozielewa. Tumezifupisha barua na kuondoa majina ya walioziandika, kama ilivyo desturi ya safu hii.

Kijana ananiambia hivi, fundi ananiambia vile

*Mhariri, salaam. Nina duka la vifaa vya ujenzi Majengo, hapa Moshi. Nimesajiliwa VAT na ninayo mashine ya EFD. Nauza saruji, nondo, mabati, misumari na rangi, na nina vijana wawili wanaokaa kaunta. Mali kauli ya mafundi naiandika kwenye daftari, na ikifika Desemba, watu wanaporudi nyumbani kujenga, daftari hilo halishikiki. Mwanangu anayesomea uhasibu ananishauri nijiunge na programu ya mtandaoni inayolipiwa kwa dola kila mwezi, na anasema nikishakuwa nayo sitahitaji tena mashine. Fundi wa kompyuta naye anataka kuniwekea QuickBooks kutoka kwenye flashi, nilipe mara moja tu. Nimsikilize nani?*
Mama mwenye duka, Majengo, Moshi

Mama, pokea salaam zetu. Tuanze na suala la mashine, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuletea faini. Ankara inayotoka kwenye programu ya hesabu, hata ikiwa na nembo ya duka na namba yako ya mlipakodi, si risiti ya kodi. Risiti ya kodi ni ile inayotolewa na mfumo unaotambuliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, mfumo ambao wakati huohuo unapeleka taarifa ya mauzo hayo kwa Mamlaka, na kwa mwenye duka mfumo huo ni mashine ya EFD au ni VFD, ambayo hutoa risiti hiyohiyo kwa njia ya programu bila mashine ya mezani. Kwa hiyo mwanao amesema kweli kwa sharti moja ambalo hakulitaja: utaweza kuachana na mashine ikiwa tu programu utakayoichukua imeunganishwa na VFD kupitia msambazaji aliyeidhinishwa, na wewe mwenyewe umekamilisha taratibu za kuhama. Programu nyingi za kigeni haziji na muunganisho huo. Huongezwa na wataalamu wa hapa nchini, na gharama yake ni nje ya ile ada ya mwezi uliyotajiwa.

Njia ya kulimaliza jambo hili ni kumtaka muuzaji auze mfuko mmoja wa saruji mbele yako, kwenye programu yake, mpaka risiti yenye msimbo wa QR itoke, kisha uihakiki kwa simu yako mwenyewe kwenye huduma ya uhakiki ya TRA. Akikwambia kipengele hicho kinakuja karibuni, ihesabu programu yake kuwa haina kipengele hicho. Hilo si lazima likuzuie kuinunua, lakini ujue kwamba vijana wako wataingiza kila mauzo mara mbili, kwenye mashine na kwenye kompyuta, na kwamba kila jioni utatakiwa kulinganisha ripoti ya Z ya mashine, yaani ile ya kufunga mauzo ya siku, na jumla ya mauzo ya siku kwenye programu. Zikipishana, chanzo kitafutwe usiku uleule, maana baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka ni fundi gani alirudisha nondo tatu.

Jambo la pili ni namna programu inavyokokotoa VAT. Bei za duka kama lako husemwa zikiwa na kodi ndani yake, na hapo ndipo programu iliyopangwa vibaya huharibu. Tuseme umemuuzia mteja bidhaa za shilingi 1,180,000, kodi ikiwa humo. Kodi iliyomo ni shilingi 180,000, kwa sababu bei kabla ya kodi ni shilingi 1,000,000 na kwa kiwango cha kawaida cha VAT, yaani asilimia 18, kodi yake ni hiyo. Programu iliyoambiwa kwamba bei haina kodi itaiongeza juu na kumtoza mteja zaidi, na karani anayepiga hesabu kwa mkono atachukua asilimia 18 ya ile 1,180,000 na kupata 212,400, ambayo ni shilingi 32,400 zaidi ya kodi halisi. Kabla ya kulipa chochote, ingiza mauzo haya kwenye nakala ya majaribio, kisha fungua ripoti ya kodi na uangalie kama inasoma 180,000. Uangalie pia kama programu inaweza kutenganisha mauzo ya mwezi mmoja na kodi uliyolipa kwenye manunuzi ya mwezi huohuo, kwa sababu ritani ya VAT hutakiwa kufika ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukiipata taarifa hiyo kwa kubofya mara chache utakuwa umeokoa siku mbili za kupekua bahasha.

Sasa tuje kwenye nondo, ambazo kwa maoni yetu ndizo zitakazoamua programu ipi ikufae. Wewe hununua nondo kwa tani na kuuza kwa moja moja. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa takriban kilo 0.888 kwa mita, hivyo yenye urefu wa mita 12 kamili ina kilo 10.66, na tani moja inatoa nondo 93 na kipande. Programu isiyojua kununua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine itakuonesha kwamba umenunua kitu kimoja na umeuza vitu tisini, na stoo yako itasoma hasi kuanzia siku ya kwanza. Ni hivyohivyo kwa misumari, inayoingia kwa katoni na kutoka kwa kilo na robo, na kwa waya wa kufungia. Programu za kutolea ankara peke yake, zile zinazopendwa na watu wa huduma kwa urahisi wake, kwa kawaida haziliwezi jambo hili. Tafuta programu ambayo kiini chake ni bidhaa na stoo, na siku ya majaribio mpe muuzaji mtihani wa tani moja ya nondo. Usikubali akuoneshe mfano wake wa soda na biskuti.

Hata programu nzuri huvurugwa na majina. Kijana mmoja akiandika "bati geji 30" na mwenzake akaandika "mabati G30", programu itahesabu bidhaa mbili, moja ikiwa imejaa na nyingine ikiwa imekwisha, wakati mabati yenyewe yamepangwa pamoja nyuma ya duka. Orodha ya bidhaa iandikwe na mtu mmoja, tungependa awe wewe, kwa majina ambayo wateja huyatamka kaunta, kisha vijana wafungiwe wasiweze kuongeza jina jipya. Menyu za programu karibu zote ni za Kiingereza, lakini hakuna kinachokuzuia kuziandika bidhaa zako kwa Kiswahili.

Kuhusu mali kauli, usiridhike na programu inayokuonesha tu jumla ya madeni. Unachohitaji ni ukurasa wa kila fundi, unaoonesha alichukua nini, lini, alipunguza kiasi gani na kwa njia gani, pamoja na ripoti inayogawa madeni kwa umri wake: yaliyo chini ya siku 30, yaliyopita siku 30, siku 60 na siku 90. Fundi mwenye deni la milioni mbili la wiki iliyopita ni mteja mzuri. Mwenye deni la laki tatu tangu Pasaka anahitaji kupigiwa simu, na daftari lako la sasa linawaweka wawili hawa kwenye kurasa zinazofanana. Ipo faida nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni kuwekea kila fundi kikomo, ili akikifikia programu ikatae kutoa ankara mpya mpaka wewe mwenyewe uidhinishe. Kijana wa kaunta huona haya kumkatalia fundi anayemwita mdogo wangu, lakini haoni haya kusema mashine imekataa.

Kila kijana awe na neno lake la siri, na asiwe na ruhusa ya kufuta ankara wala kubadili bei. Ankara iliyokosewa haifutwi. Inatolewa waraka wa kuirekebisha, na yote mawili yanabaki kwenye kumbukumbu yakiwa na jina la aliyeyaingiza na saa. Programu inayoruhusu ankara ipotee bila alama usiichukue, hata kama ni ya bure. Malipo ya lipa namba nayo yawe na akaunti yake, tofauti na droo na benki, na makato ya kampuni ya simu yaandikwe kama gharama, la sivyo kila mwisho wa mwezi utakuwa na pengo dogo usiloweza kulieleza.

Umeuliza umsikilize nani kati ya mwanao na fundi. Fundi hapana. Nakala ya flashi iliyovunjwa kufuli haina mtu wa kumlalamikia siku ikigoma, haipati masasisho, na mara nyingi huja na virusi, kwenye kompyuta ambayo ndiyo itakayobeba madeni yako yote. Tena Intuit, kampuni ya Marekani inayotengeneza QuickBooks, iliacha kuuza matoleo mapya ya kompyuta ya Pro na Premier kwa wateja wapya huko kwao baada ya tarehe 30 Septemba 2024, na nguvu yake sasa iko kwenye toleo la mtandaoni, kwa hiyo unachouziwa ni kitu ambacho mtengenezaji mwenyewe anakiacha nyuma.

Mwanao ana hoja. Programu ya mtandaoni haipotei kompyuta ikiibwa, na utaweza kuliona duka ukiwa Marangu au Dar es Salaam. Lakini kwa duka lenye foleni kaunta, intaneti ikikatika mauzo yanasimama, na ada ya dola kila mwezi hupanda na kushuka kwa shilingi kufuata soko, mbali na kwamba unahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya nje. Kwa sura ya biashara uliyoieleza, sisi tungeegemea programu inayokaa kwenye kompyuta ya dukani na yenye nguvu kwenye stoo, kama TallyPrime ya India, ambayo hushughulikia vipimo vya aina ya nondo zako vizuri na ambayo wahasibu wengi wa ukanda huu wameizoea; uinunue kihalali, kwa muuzaji atakayekuunganishia VFD na kukaa na vijana wako siku za mwanzo. Uweke na inveta au UPS ya kutosha kuzima kompyuta salama umeme ukikatika, na nakala ya akiba itolewe kila jioni kwenye diski inayolala nyumbani, isiyoachwa dukani. Ikiwa intaneti yako ni imara na unasafiri sana, ushauri wa mwanao unarudi kuwa sawa.

Usianze Desemba. Chagua mwanzo wa mwezi uliopoa, Februari kwa mfano, hesabu mali yote dukani na stoo siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia, hamisha salio la kila fundi baada ya yeye kulikubali, kisha daftari na programu viende pamoja mwezi mzima. Fundi akikataa salio, afadhali mbishane sasa, daftari likiwa mezani.

Mteja amelipa pungufu, lakini anasema amemaliza

*Ndugu mwandishi, sisi ni wasanifu majengo watatu wenye ofisi Njiro, Arusha. Tunatoa ankara chache kwa mwezi, tukitumia Excel. Wateja wetu wengi ni hoteli na nyumba za wageni. Hoteli moja imelipa pungufu ya ankara na kusema iliyobaki ni kodi, na sasa ankara hiyo inaonekana ina deni ambalo halipo. Tuna pia mteja wa Nairobi anayelipa kwa dola. Je, kuna programu ya bure inayotosha, au tuendelee na Excel?*
Msomaji wa Njiro, Arusha

Kaka, kabla ya programu kuna jambo ambalo hukulitaja, na tunatumaini mmekwisha kulishughulikia. Tangu Julai 2023, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara wa kawaida Tanzania Bara kujisajili VAT ni shilingi milioni 200 kwa mwaka, na wengi wenye ofisi ndogo husikia kiwango hicho na kutulia. Watoa huduma za kitaalamu, wakiwamo wasanifu majengo, wahandisi, mawakili na wahasibu, hutakiwa kujisajili bila kujali kama wamekifikia. Programu yoyote mtakayoichagua, basi, ipangwe ikiwa na VAT kuanzia ankara ya kwanza.

Hoteli yenu haijawadhulumu. Anayelipia huduma za kitaalamu kwa mkazi wa Tanzania hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuiwasilisha TRA kwa niaba ya aliyelipwa. Chukua mchoro wa shilingi 1,000,000: VAT ni 180,000 na ankara ni 1,180,000. Zuio hukokotolewa kwenye thamani isiyo na VAT, yaani 50,000, hivyo benki yenu itapokea 1,130,000. Zile 50,000 si deni la hoteli na si punguzo mlilompa mteja. Ni kodi ya mapato mliyokwisha kulipia mapema, nanyi mtaitoa kwenye kodi ya mwaka mkiwa na cheti cha zuio mkononi. Kwenye programu, malipo ya ankara hii yaandikwe kwa mafungu mawili, 1,130,000 kwenda benki na 50,000 kwenda akaunti iitwayo "kodi ya zuio inayodaiwa TRA", na hapo ankara inafungwa ikiwa sifuri. Excel inaweza kuandika hivyo, lakini haitawakumbusha kwamba cheti cha hoteli hiyo hakijafika, na cheti kisichofika ni fedha yenu iliyopotea. Ofisi za aina yenu hupoteza zaidi kwenye vyeti vya zuio kuliko kwenye ada ya programu yoyote.

Kwa mteja wa Nairobi, programu lazima ijue fedha zaidi ya moja. Tuseme mlitoa ankara ya dola 2,000 siku ambayo dola ilikuwa shilingi 2,600, ikaingia vitabuni kama 5,200,000, naye akalipa wakati dola ni 2,500, yaani 5,000,000. Mteja amelipa kila senti. Shilingi 200,000 ni hasara ya kubadili fedha na zinapaswa kwenda kwenye akaunti yake. Programu nzuri hufanya hivyo yenyewe mkishaingiza kiwango cha siku ya malipo, na isiyojua itamdai mteja laki mbili. Wateja wa ndani, hata hoteli zinazopokea watalii, waandikieni kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kupanga na kutangaza bei kwa fedha za kigeni katika biashara ya ndani ya nchi.

Swali la bure lina jibu zuri kwenu kuliko kwa mama wa Majengo, kwa sababu hamna stoo. GnuCash ni programu huria iliyo kwenye matumizi tangu miaka ya 1990, haina ada, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, inafuata mtindo kamili wa kuandika kila tukio pande mbili, inatoa ankara na inashughulikia fedha za nchi mbalimbali. Kasoro zake ni mbili. Ankara zake zina sura ya kawaida mno kwa ofisi ya wasanifu, jambo ambalo nyinyi mtalisikia kuliko wengine, na haikuundwa kutumiwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Manager, katika toleo lake la kuweka kwenye kompyuta moja, nayo ni ya bure, na mtu asiye mhasibu huizoea haraka zaidi. Tungeijaribu hiyo kwanza. Mkitaka wote watatu muingie kutoka sehemu tofauti, hapo mtalipia, ama toleo la mtandaoni la Manager, ama Zoho Books, ama nyingine ya aina hiyo. ERPNext nayo husifiwa kuwa ya bure, na kweli ni huria, ila inahitaji seva na mtu wa kuiangalia, na kwa ankara chache za mwezi ni kukodi fuso kubeba begi.

Na hata kwenu, risiti ya kodi itoke kwenye EFD au VFD. Namba ya risiti hiyo iandikwe kwenye ankara husika ndani ya programu, ili mkaguzi akishika karatasi moja aipate ya pili.

Nauza chakula tu, nami nahitaji programu?

*Nina kibanda cha chakula karibu na soko la Kilombero, Arusha. Mauzo yangu kwa mwaka ni kama milioni tano. Binti yangu anataka niweke programu kwenye simu. Je, ni lazima?*
Mama lishe, Kilombero

Si lazima, dada yangu, ila kumbukumbu ni lazima. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyoanza mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo binafsi mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 hulipa shilingi 100,000 kwa mwaka ikiwa hana kumbukumbu, na akiwa nazo hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kwa milioni tano, hiyo ni shilingi 30,000. Kaunta buku moja lenye safu ya tarehe, mauzo, na matumizi ya siku, likijazwa kila jioni kabla hujafunga, pamoja na risiti za mchele na mafuta zilizobanwa pamoja, linatosha kukuokolea ile tofauti ya 70,000. Programu ya simu si mbaya, lakini simu ikiibwa sokoni usipokuwa na nakala utarudi kwenye kundi la wasio na kumbukumbu.

Aliyetuuzia programu hapokei simu

*Tuna duka la pembejeo za kilimo Moshi mjini. Programu yetu ilitengenezwa na kijana wa hapa, na taarifa zote ziko kwenye seva yake. Sasa hapokei simu, ingawa programu bado inafunguka. Tunataka kuhama. Tuanzie wapi?*
Mhasibu wa duka, Moshi

Anzia leo, kwa kuwa bado inafunguka. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka mitano, na haimsamehe kwa sababu seva ilikuwa ya mtu mwingine. Toa orodha ya wateja na madeni yao, orodha ya wauzaji wa jumla na mnachodaiwa, stoo pamoja na bei za kununulia, ankara zote, na leja yote tangu siku ya kwanza, kwenye faili la Excel au CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingi hulisoma. Ikiwa kitufe cha kutoa taarifa hakipo, chapisha kila ripoti kama PDF. Utakuwa na ushahidi wa mkaguzi, ingawa kuuhamishia kwenye programu mpya kutakuwa kazi ya mikono. Baada ya hapo chapisha urari, yaani orodha ya salio la kila akaunti, wa kila mwisho wa mwaka na ulinganishe jumla zake na mafaili uliyoyatoa, maana faili lililokatika katikati huonekana zima mpaka utakapojumlisha.

Kwenye programu mpya usijaribu kuingiza miaka yote. Ingiza salio la tarehe moja, mwisho wa mwaka wa hesabu ikiwezekana, na ya nyuma yabaki kwenye mafaili yake katika sehemu mbili tofauti. Mkataba na mtoa huduma mpya useme kwa maandishi kwamba taarifa ni mali ya duka, kwamba mtaweza kuzitoa wenyewe wakati wowote bila kumwomba, na kwamba akifunga biashara atawapa notisi. Mjaribu hilo kabla ya kusaini: ingizeni ankara kumi, zitoeni kwenye CSV, zifungueni kwenye Excel. Kumbukeni pia kwamba majina na namba za simu za wakulima wanaokopa kwenu yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, hivyo muulizeni yule kijana kwa barua, si kwa simu peke yake, taarifa hizo atazikabidhi na kuzifuta lini.

Usisahau karatasi. Risiti za EFD mlizopewa na wauzaji wa jumla ndizo zinazowawezesha kudai VAT ya manunuzi kwa bidhaa zinazotozwa kodi, nazo huchapwa kwenye karatasi inayofifia, haraka zaidi ikikaa kwenye joto. Zipigwe picha au zitolewe nakala wiki hiyohiyo zinapopokelewa, na picha zihifadhiwe kwa mwezi na kwa jina la muuzaji, pamoja na mafaili ya programu ya zamani.